Finishi ya nyumba: ununue vifaa mwenyewe au umwachie mkandarasi?

Mimi na kaka yangu tulijenga kwa ramani karibu moja. Yangu iko Madale, yake iko Kibada, Kigamboni, zote Dar es Salaam. Vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo, vyoo viwili, na baraza la mbele ambalo mama yetu alilipigania kuliko chumba chochote. Maboma yote mawili yalipauliwa mwaka mmoja. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Mimi nikasema vifaa vya finishi nanunua mwenyewe, kuanzia marumaru hadi bawaba, na mafundi nawalipa ufundi tu. Kaka kazi yake ni ya safari, kwa hiyo akasaini na mkandarasi bei moja ya vifaa na ufundi, akabidhiwe funguo.

Leo nyumba zote mbili zina watu. Ndugu na majirani ambao bado wako kwenye boma huniuliza ipi ilikuwa nafuu. Nitalijibu hilo, ila nawaomba waanze na swali jingine: kitu kikiharibika mwaka wa pili, nani atajibu? Nimeangalia kila hasara na kila akiba katika nyumba zile mbili, na karibu zote zinarudi hapo.

Bei ya risiti na bei yenyewe

Ukinunua mwenyewe unaiona bei ya dukani kwa macho yako. Anayenunuliwa na fundi hulipa cha juu bila kukiona: duka humpa fundi kitu kidogo kwa kuleta mteja, na kitu hicho kimeshaingia kwenye risiti. Siwaiti mafundi wezi. Wengi wanakiona ni malipo ya kuzunguka juani kutafuta mzigo, na kweli wanazunguka. Mkandarasi naye huweka faida yake juu ya kila kifaa. Nilipokaa na kaka tukalinganisha risiti zangu na orodha yake, vitu vya aina moja vilikuwa ghali zaidi kwake karibu kila mstari.

Ila risiti zangu hazikuandika kila kitu. Nilikwenda Kariakoo na Barabara ya Nyerere zaidi ya mara ishirini, nyingi zikiwa siku za kazi, maana fundi akiishiwa grauti ya kuziba nafasi kati ya marumaru Jumatano hangoji Jumamosi. Kila mzigo ulikuwa na kirikuu yake, ile pikapu ndogo ya mizigo, na wapakuaji wake. Kuna siku mafundi wawili walikaa kivulini mpaka saa nane wakinisubiri, mimi nimekwama kwenye foleni ya Mwenge, na siku yao niliilipa. Kuna gundi iliyoganda stoo kwa unyevu, marumaru zilizovunjika njiani, na koki mbili zilizoyeyuka saiti bila mtu kujua zimekwenda wapi. Nilipojumlisha yote hayo kwa uaminifu, akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa kama nusu ya ile niliyodhani.

Jambo moja la kuangalia unapolinganisha makadirio mawili: mkandarasi aliyesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anakutoza kodi hiyo juu ya kazi nzima, fundi wa mtaani hakutozi. Mmoja akiwa ameijumlisha na mwingine hajaijumlisha, hulinganishi kitu. Uliza kabla hujaanza kumwona fulani ni ghali.

Marumaru

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi ya finishi inapoingia, na ndipo mimi nilipoumia.

Dukani zote zinaitwa tailizi, lakini seramiki na poseleni ni vitu viwili. Poseleni hufyonza maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Seramiki ya ukutani hufyonza zaidi ya asilimia 10. Huhitaji maabara kuzitofautisha. Geuza kipande, mwagia maji kidogo mgongoni, subiri dakika chache. Seramiki inayanywa na kubaki na alama ya unyevu, poseleni yanatuama juu yake. Ukutani jikoni na bafuni seramiki inatosha kabisa, na ni nyepesi kwa fundi kukata. Sakafuni sebuleni, kwenye korido na barazani, toa fedha ya poseleni. Kisha chukua vipande viwili kutoka maboksi mawili tofauti, uvibandike uso kwa uso. Vikicheza, vimepinda, na hakuna fundi atakayekunyooshea sakafu kwa vipande hivyo.

Zile zinazong'aa kama kioo zinapendeza dukani chini ya taa. Bafuni na barazani zinaangusha watu mvua ikinyesha. Mama yetu ana miaka sabini na kitu, hivyo baraza lake niliweka zenye uso wa kukwaruza, na huo ni uamuzi ambao sijaujutia hata siku moja.

Poseleni ina deni lake ambalo muuzaji hakwambii. Fundi wangu wa kwanza alitaka kuipandisha kwa uji wa saruji kama alivyozoea kwenye seramiki. Kwa kuwa haifyonzi maji, uji wa saruji hauishiki sawasawa. Baada ya mwaka mmoja ukigonga unasikia mlio wa debe tupu, na baadaye kipande kinanyanyuka. Inataka gundi yake, na mfuko wa kilo 20 hufunika mita za mraba 4 au 5 hivi. Kwa nyumba nzima hilo ni fungu zito la fedha ambalo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu. Kaka hakuhitaji kulijua. Lilikuwa ndani ya bei yake.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16. Boksi la 60 kwa 60 lina vipande 4, sawa na mita za mraba 1.44. Gawanya, unapata maboksi 11 na kidogo. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 12 na kidogo, kwa hiyo 13. Halafu kuna sketi za chini ya ukuta: kipande kimoja kikikatwa mara sita kwa upana wa sentimita 10 kinatoa mita 3.6, na chumba hicho kinazunguka mita 16, kwa hiyo vipande vitano vinaondoka hapo. Nunua 14. Fundi akikwambia 11 zinatosha, anapima sakafu iliyo wazi tu.

Mimi nilinunua za kutosha sakafu iliyo wazi. Korido ikapungukiwa maboksi matatu. Nikarudi dukani baada ya wiki tatu, nikapewa jina lilelile, boksi lilelile, picha ileile. Nambari ya bachi, yaani mkupuo wa kiwandani zilimotoka, pembeni mwa boksi ilikuwa nyingine, nami sikujua kwamba inasomwa. Zilipopandishwa na jua la asubuhi likaingia kupitia mlango wa mbele, korido ikaonekana ina rangi mbili, na mstari katikati kama umepigwa rula.

Dukani wakanionyesha kibao cha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Fundi naye akasema, kwa upole kabisa, "Dada, mimi nimepandisha ulizoleta." Alikuwa na haki. Duka lilikuwa na haki kwa namna yake. Hakukuwa na mtu wa kumdai, maana mnunuzi, mpimaji na msimamizi nilikuwa mimi. Ule mstari upo mpaka leo.

Kibada kulitokea jambo lilelile, chumba kikubwa kikapungukiwa. Mkandarasi akajaribu kuchanganya bachi. Kaka aliporudi safari akaliona, akakataa kupokea chumba. Mkandarasi alitafuta bachi ya kwanza, akaikosa, mwishowe akabandua chumba kizima na kupandisha upya kwa gharama zake. Wiki mbili zilipotea. Kaka hakutoa hata shilingi. Zile tofauti za bei tulizoziona kwenye orodha yake, siku ile zilikuwa zimefanya kazi yake.

Kuhusu za nje na za hapa: tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze vianze kuzalisha, mkoani Pwani, mtu wa Dar anapata marumaru nzuri za hapahapa nchini, na mimi kwa vyumba vya kulala nisingetafuta nyingine. Faida yake kubwa kwangu ni upatikanaji. Kipande kikipasuka miaka mitatu baadaye una nafasi ya kupata kinachofanana, wakati ile nzuri uliyoipenda kutoka nje huenda ililetwa kontena moja na haitarudi. Hata hivyo bachi hubadilika pia kwa za hapa, kwa hiyo maboksi mawili ya akiba stoo ni lazima kwa zote.

Kariakoo, shorumu au kontena

Ukishaamua kununua mwenyewe, bado hujaamua utanunua wapi.

Kariakoo, hasa upande wa Gerezani, bei inazungumzika na aina ni nyingi. Ukishuka tu kwenye gari winga, dalali wa mtaani, ameshakuuliza unatafuta nini. Winga si lazima awe mbaya, wengine wanajua ghala gani lina nini kuliko wenye maduka, lakini malipo yake yatatoka kwako. Tatizo hasa la Kariakoo ni kwamba unachagua kwenye sampuli na mzigo unatoka ghala jingine. Nenda na mzigo mpaka ghalani. Fungua boksi la juu na la chini. Soma bachi kwa kila boksi kabla kirikuu haijafungwa turubai. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana bila hiyo huna hata pa kuanzia ukirudi.

Shorumu kubwa za Barabara ya Nyerere na za upande wa Mikocheni bei yao ni ya juu kidogo, lakini nimekuta baadhi wakikubali kupokea maboksi ambayo hayajafunguliwa, na wanakuwekea mzigo wa bachi moja ukilipa sehemu. Kwa mtu anayenunua mwenyewe, masharti hayo mawili yana thamani kuliko punguzo. Yaulize kabla ya kulipa, yaandikwe kwenye risiti.

Kuagiza China kumekuwa gumzo la kila kikao cha familia. Foshan ndiko marumaru zinakotengenezwa kwa wingi, na Guzhen, mji wa taa, uko mkoa huohuo wa Guangdong. Bei ya kiwandani inavutia kweli. Lakini poseleni ina kilo 20 na zaidi kwa mita ya mraba, kwa hiyo nyumba ya mita za mraba 140 ni karibu tani tatu za sakafu peke yake. Kontena la futi 20 hufika kikomo cha uzito kabla halijajaa, na wewe hulijazi. Kwa kuchangia kontena unalipa usafiri wa mawe. Juu yake kuna ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki huwa 25% au 35%, kisha VAT juu ya jumla, pamoja na cheti cha ukaguzi wa TBS, Shirika la Viwango, kinachotakiwa mzigo ukiwa bado haujaondoka huko. Na kikivunjika, kimevunjika.

Taa, vitasa, vishikio vya makabati na koki ni vyepesi na vina thamani, kwa hiyo kwa vitu hivi kuchangia kontena kunaweza kukulipa. Angalia tu mambo mawili. Soketi ziwe za pini tatu za mstatili kama zetu, maana za China ni za namna nyingine. Na choo usikiagize bila kujua kama bomba lako la maji taka linatoka chini au ukutani, na kwa umbali gani. Jirani yangu aliagiza choo kizuri kinachotolea chini kwa sentimita 30 kutoka ukutani. Bomba lake lilikuwa limekaa kwenye zege kwa sentimita nyingine. Sakafu mpya ya bafu ikavunjwa.

Hilo la choo linagusa wote, hata wasioagiza popote. Watu hudhani finishi huchaguliwa mwishoni. Choo, shawa ya kujificha ukutani, sinki la jikoni na mahali pa hita ya maji vinatakiwa vijulikane kabla fundi bomba hajachimba ukuta. Anayenunua mwenyewe asiponunua mapema, basi angalau awe na karatasi ya vipimo vya kile alichokichagua. Upande wa mkandarasi jambo hili lilikwenda bila kelele, kwa sababu aliyechimba ndiye aliyenunua.

Maji ya chumvi na hewa ya bahari

Mpaka hapa mkandarasi anaonekana anashinda. Kwenye koki alishindwa vibaya.

Kibada kaka anatumia kisima, na maji yake yana chumvi. Mkataba wake uliandika "koki na shawa zenye ubora mzuri", maneno hayo tu. Mkandarasi akaleta za zinki zilizopakwa rangi ya kung'aa. Hazikumaliza mwaka. Rangi ilibambuka, shingo ya koki ya jikoni ikaanza kuvuja, tundu za shawa zikaziba kwa magadi meupe. Kaka alipolalamika akaambiwa zilikuwa nzuri siku ya kukabidhiwa na mkataba haukutaja aina. Na kweli haukutaja. Hapo nani atajibu? Kwenye karatasi hakukuwa na mtu.

Mimi nilikwenda dukani nikiwa na muda wa kushika kila kitu, na koki ni kitu cha kushikwa. Ya brasi ni nzito mkononi kuliko ya zinki ya ukubwa uleule. Nilimwomba muuzaji afungue kichwa nione katriji ya ndani, nikazungusha mpini mara kumi. Nililipa karibu mara mbili ya bei aliyolipa mkandarasi, na mpaka leo nimebadilisha katriji moja tu. Madale nina maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, siku nyingi, hilo nalo limenisaidia, sitaki kujipa sifa zote. Kama unategemea kisima, weka kichujio kabla ya tangi la juu na ununue shawa yenye tundu za mpira unazoweza kusugua kwa kidole.

Stenlesi ina mtego wake, hasa kwa wa Kigamboni, Mbweni na Kunduchi. Reli za ngazi, vishikio na masinki huuzwa yote kwa jina moja, lakini kuna daraja la 201, la 304 na la 316. La 201 huanza kutoa madoa ya kahawia mapema kwenye hewa ya chumvi, la 304 linahimili zaidi, la 316 ndilo la pwani hasa. Wauzaji hupenda kukuonyesha sumaku haishiki. Haikusaidii: 201 na 304 zote mbili kwa kawaida hazivutwi na sumaku. Kinachosaidia ni daraja kuandikwa kwenye risiti, au kwenye mkataba kama ananunua mwingine.

Madirisha, milango, rangi na dari

Madirisha ya alumini usinunue vipande. Mpe anayetengeneza, apime mwenyewe, aweke mwenyewe, umdai yeye. Apime baada ya plasta, kabla ya hapo tundu bado halijawa na kipimo chake cha kweli. Unachoamua wewe ni unene wa profaili, kioo cha milimita 5 au 6, na skrubu za stenlesi, kwa sababu kwa pwani skrubu za kawaida ndizo zinazoanza kuoza na kuchora michirizi ya kutu ukutani. Nami ningesema kwa joto letu: dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, la bawaba hufunguka lote. Chumba cha mama nimeweka la bawaba.

Milango sisi wote wawili tuliumia. Mimi nilikwenda Keko nikachagua mninga, rangi nzuri, fundi mstaarabu. Mbao ilikuwa bado mbichi. Ulipofika msimu wa kaskazi, joto la Januari likaipasua paneli ya kati kutoka juu hadi chini. Mninga, mkongo na mtiki wa Longuza au Mtibwa ni mbao za kukaa miaka mingi zikiwa zimekauka. Zikiwa mbichi jina halikuokoi. Uliza zimekaa bandani muda gani, na usilipe yote mpaka mlango umepita wiki kadhaa ndani ya nyumba yako. Mkandarasi wa kaka yeye aliweka milango ya MDF, mbao za unga uliogandamizwa, kila mahali, mpaka bafuni, na miguu ya ile ya bafuni ilivimba kama mkate uliolowa. Kaka alichelewa kuripoti, muda wa kurekebisha kasoro ulikuwa umekwisha.

Rangi nunua mwenyewe, hilo sina shaka nalo. Ni rahisi kubeba, ni rahisi kuhesabu, na ndiyo inayochakachuliwa kirahisi kuliko kitu kingine saiti. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kama mita 100 kwa mikono miwili. Peleka ndoo zikiwa zimefungwa, fundi azifungue mbele yako, na maji ya kuongeza yawe yale yaliyoandikwa kwenye ndoo. Ukuta unaotoa chumvi hautibiwi na rangi ya bei kubwa. Tafuta unyevu unakotoka, uache ukauke, ndipo upake.

Dari ya jipsamu mwachie fundi wa jipsamu, vifaa na ufundi. Wewe kagua paa kwanza, mvua kubwa moja ipite, maana bodi iliyolowa haina tiba.

Njia ya katikati, ambayo ndiyo ningeichukua leo

Kuna namna ya tatu ambayo hatukuijua wakati ule. Mkandarasi anatoa bei ya kazi nzima, lakini kwa vile vitu unavyotaka kuchagua, mkataba unaweka fungu. Tuseme marumaru za sebule zimewekewa fungu la shilingi 30,000 kwa mita ya mraba, bei ya dukani pamoja na VAT, huku gundi, ufundi na usafiri vikiwa kando. Unakwenda dukani, unaipenda ya 38,000. Sebule na korido ni mita 40. Unaongeza 320,000, basi. Ukipata ya 25,000, anakukatia. Mkono wako unachagua, lakini anayepima, anayelipa dukani, anayebeba na anayejibu ni yeye. Zikipungua, ni zake. Bachi zikichanganyika, ni zake.

Ili ifanye kazi, mkataba unatakiwa useme mambo yaliyokosekana kwenye ule wa kaka. Aina na daraja kwa kila kifaa, bila neno "bora" likiachwa peke yake. Tarehe ya mwisho ya wewe kuchagua kila kitu, kwa sababu ukichelewa unamsimamisha na atakudai siku zake, kwa haki. Kipindi cha kurekebisha kasoro, miezi 6 au 12, na sehemu ya malipo unayoibakiza mpaka kipindi hicho kiishe. Kama kazi ni kubwa, mlipe mkadiriaji majenzi akuandalie orodha hiyo. Na hakikisha mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, uwe na pa kupeleka shauri lako.

Wapo ambao bado ningewaambia wanunue wenyewe. Mtu anayejenga kidogo kidogo, mwaka huu marumaru, mwaka ujao madirisha, hana mkandarasi wa kumsubiri. Huyo namsihi anunue kila aina kwa mkupuo mmoja hata kama itapandishwa baadaye, ahifadhi pakavu, na ampate fundi wa marumaru kabla ya kununua ili vipimo vitoke kwa atakayevisimamia. Mkiandikiana kwamba maboksi ni 14 na fundi ndiye aliyepima, siku zikipungua mna pa kuanzia mazungumzo. Mtu aliye Mwanza au nje ya nchi, akituma fedha kwa ndugu ili ndugu anunue, amechagua njia ngumu kuliko zote: hana uso wa kumdai ndugu, na ndugu hana ujuzi wa kusoma bachi. Huyo achukue mkandarasi mwenye fungu, achague kwa picha na sampuli anazoletewa.

Na nafuu ni ipi? Mimi nilitumia kidogo kuliko kaka. Ukijumlisha korido ambayo siku moja nitaibandua, na mlango wa mninga ambao nimeshautengeneza upya, tofauti inakaribia kwisha. Yeye ukimjumlishia koki zote alizobadilisha na milango miwili ya bafu, tofauti inafunguka tena.

Mdogo wetu wa mwisho sasa ana boma Chanika, limepauliwa mwezi uliopita. Fundi bomba ameshampigia mara mbili akitaka kuanza kuchimba kuta za bafu, na yeye anajibu, "Kaka, nisubiri kidogo, choo bado sijakijua." Jumamosi tunakwenda naye Barabara ya Nyerere asubuhi, na futi ya kupimia mkobani.